Orodha ya Mbolea Ibandikwe Ukutani

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama wa chama cha ushirika cha wakulima, Njoro, Kaunti ya Nakuru

Mheshimiwa Mwenyekiti, Chifu wetu, Bwana Afisa wa Ushirika, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo wote.

Katibu amenipa dakika ishirini, na tayari ananiangalia kwa jicho la kunikumbusha. Kwa hiyo nitasema jambo moja. Ninataka orodha ya waliopata mbolea ya ruzuku katika wadi yetu, pamoja na idadi ya mifuko ambayo kila mmoja alichukua na tarehe aliyoichukua, ibandikwe hadharani: kwenye ukuta wa ofisi yetu hii, kwenye ubao wa Chifu, na pale depo ya mbolea. Nikimaliza nitaomba mpige kura. Lakini kabla ya kura mna haki ya kuelezwa, maana nikitazama nyuso hapa mbele naona wapo ambao roho zimeshawaruka.

Nianze na Njoro yenyewe. Kuna watu huzungumza juu ya ruzuku kama zawadi iliyoletwa na serikali hii au ile, kutegemea walimpigia nani kura. Ruzuku ni mwenyeji hapa kuliko sisi. Lord Delamere alipojaribu kulima ngano katika ardhi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa kutu uliimaliza shambani. Serikali ya kikoloni ikaja ikaanzisha kituo cha kuzalisha mbegu za ngano hapa hapa Njoro mwaka 1927, ndicho hiki ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na ambako wataalamu wa dunia nzima hufanya utafiti wa kutu. Mwaka 1931 ikaundwa Benki ya Ardhi ili kuwakopesha walowezi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ikatungwa sheria ya kuongeza mazao: mlowezi aliyepanda mahindi au ngano alihakikishiwa kiasi fulani cha fedha kwa kila ekari, mvua inyeshe au igome, na akaongezewa fedha za kufyeka na kuvunja ardhi mpya. Baba zetu waliolima mahindi yale yale hawakuwamo. Gunia lao lilinunuliwa kwa bei ya chini kuliko gunia la mlowezi, na mahindi hayana rangi ya mkulima.

Uhuru ulipokuja mpango ule haukufa. Uliendelea hadi miaka ya 1970, na walioufaidi walikuwa wenye mashamba makubwa, ila sasa baadhi yao walikuwa weusi. Mimi nasema hivyo bila kinyongo na mtu. Ninachotaka mkishike ni kwamba tangu mwanzo kipimo kilikuwa ekari. Mwenye ekari nyingi alipata nyingi, na hakuna mwananchi wa kawaida aliyewahi kuonyeshwa daftari la nani alipata nini.

Miaka ya 1980 na 1990 hiyo nitaipita haraka. Soko likafunguliwa, bodi ya nafaka ikapunguzwa nguvu, mbolea ikawa ya dukani, na kila mtu akajitafutia. Wengi wenu mlianza kupunguza mbolea wakati huo. Mfuko wa ekari moja ukawa wa ekari mbili, kijiko kikawa kizibo cha soda.

Mwaka 2007 serikali ikaanzisha mpango uliokuwa na kitu kinaitwa Kilimo Plus. Wazee wanaukumbuka. Mkulima mdogo alipewa vocha ya mfuko mmoja wa kupandia, mfuko mmoja wa kukuzia, na kilo 10 za mbegu ya mahindi, vyote vya kutosha ekari moja. Ekari moja basi, hata kama unalima tatu. Katika mipango yote niliyowahi kuisoma, huo ndio uliokaribia kumfikia mtu ambaye kweli hana. Ulikuwa na kasoro zake, na ulikuwa mdogo kuliko shida iliyokuwapo. Mwaka uliofuata bei za mbolea duniani zikapaa, serikali ikaanza kuleta mbolea kwa wingi na kuiuza kwa bei nafuu kupitia NCPB, ile bodi ya nafaka, na tangu hapo mlango ukawa mmoja: ukiwa na fedha na gari, unapata.

Sasa tuje kwa mpango wa leo. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake pale Kasarani, Rais Ruto alitangaza kwamba mifuko milioni 1.4 ingeuzwa kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Mwaka uliofuata bei ikashushwa hadi 2,500. Sitasimama hapa kusema hiyo ni kazi bure. Mwaka ule wa 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuvuruga soko, wapo wanachama wetu waliopanda bila mbolea kabisa, na mahindi yao yalitoka ya zambarau kwenye majani kama mtu aliyepigwa na baridi. Mfuko wa 2,500 umewarudisha watu shambani. Ndiyo sababu nataka tuulinde, na huwezi kulinda kitu ambacho hujui kiko kwa nani.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dukani mfuko ni 5,500, ili tarakimu ziwe nyepesi. Ukiuziwa kwa 2,500, serikali imekuongezea 3,000 kwa kila mfuko. Mama mwenye nusu ekari kule Mau Narok anahitaji nusu mfuko wa kupandia na nusu wa kukuzia. Huo ni mfuko mmoja, kwa hiyo amepata 3,000. Toa nauli ya kwenda depo, toa bodaboda ya kurudisha mfuko, toa siku aliyopanga foleni akaambiwa mtandao umelala arudi kesho. Kilichobaki nadhani atanunua sabuni. Jirani yake mwenye ekari 20 anahitaji mifuko 40. Huyo serikali imempa 120,000, na lori lake linabeba yote kwa safari moja. Hajaiba. Amefuata utaratibu. Lakini 120,000 zimetoka kwa kodi ya VAT ambayo yule mama hulipa kila akiongeza salio la simu.

(Sauti kutoka nyuma: "Na mwenye ekari kumi za mdomo?")

Asante, kijana, hapo umenitangulia. Usajili ulifanywaje? Machifu na wasaidizi wao walizunguka, wakachukua jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, zao unalolima na ukubwa wa shamba. Nchi nzima waliingia mamilioni ya watu. Ni kazi kubwa na ninawavulia kofia. Chifu wangu, usiudhike na ninalolisema sasa, kwa sababu hukupewa mtu wa kupima. Hakuna aliyekuja na kamba. Mtu alisema ana ekari kumi, ikaandikwa kumi. Sisi tunaoishi naye tunajua ni mbili, na moja kati ya hizo mbili amekodisha. Mtambo ulioko Nairobi haujui. Unamtumia ujumbe wa simu wenye vocha ya mifuko ya ekari kumi, anachukua ile anayoihitaji, na iliyobaki mnajua inakokwenda. Inabadilishwa gunia usiku na kurudi dukani kwa bei ya duka.

Halafu kuna jambo la kuuza meseji. Nawaona mnacheka, lakini mnajua ninachosema. Ujumbe wa vocha unaingia mwezi wa tatu, wakati karo imeshachukua kila kitu na ng'ombe amekauka. Mtu hana 2,500 taslimu. Dalali anamjia na 500 mkononi, anachukua namba, anakwenda depo. Kwenye vitabu vya serikali mkulima maskini wa Njoro amesaidiwa. Shambani kwake hakuna hata punje moja ya mbolea. Simlaumu aliyeuza, njaa haina subira. Ila nataka siku moja aone ukutani jina lake limeandikwa mifuko sita, na jirani zake waone, na amuulize dalali swali mbele ya watu.

Na lingine la kina mama, ambalo wanaume hulipita. Anayelima ni mama. Simu iliyosajiliwa ni ya mzee. Mzee yuko Nairobi kwenye ulinzi, au yuko Mombasa, au hatuulizi yuko wapi. Ujumbe unaingia huko. Kufika arudishe namba nyumbani, watu wameshapanda na mvua ya masika imeshakolea. Ndiyo maana nikasema orodha iwe na tarehe. Mbolea ya kupandia iliyotolewa mwezi wa tano haina kazi ya kupandia. Kwenye ripoti ya mwaka itahesabika kama mfuko uliotolewa, na atakayeona kosa hilo ni yule tu aliyeonyeshwa tarehe.

Nisisahau mwaka 2024. Mwezi wa tatu, msimu ukiwa mlangoni, waandishi wa habari wakafichua kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huu haikuwa mbolea. Ndani mlikuwa na diatomaiti. Wengine mlishangaa neno hilo, mimi sikushangaa, maana diatomaiti inachimbwa katika kaunti hii hii, pale Kariandusi karibu na Gilgil. Ni ile ardhi nyeupe, nyepesi, ambayo viwandani hutumika kuchujia vinywaji. Ina kazi zake nzuri. Kukuza mahindi si mojawapo. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akaletewa hoja ya kumng'oa. Tarehe 2 Mei wabunge 149 wakaiunga mkono, na siku chache baadaye kamati ya wabunge 11 ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Mambo ya Bunge nawaachia wenyewe.

Mimi nilibaki nikitazama fidia. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima waliouziwa mifuko ile. Kumfidia mtu lazima ujue ni nani aliyenunua, mfuko gani, siku gani, kutoka depo gani. Aliyenunua kwa jina lake alikuwa na pa kushikilia. Aliyenunua kwa dalali, kwa meseji ya mtu mwingine, angedai nini? Risiti si yake. Namba si yake. Mahindi yaliyodumaa ndiyo yake. Kama orodha ingekuwa ukutani tangu mwanzo, sisi wenyewe tungejua katika siku tatu ni nyumba zipi zimeguswa, bila kungoja tangazo la redio.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi, Katibu usiwe na wasiwasi.

Marekani wamekuwa wakilipa ruzuku kwa wakulima tangu mwaka 1933, wakati wa Rais Roosevelt, bei zilipoporomoka hadi mahindi yakawa rahisi kuliko makaa ya mawe na watu wakayachoma jikoni. Leo sheria yao ya kilimo hupitiwa upya takriban kila miaka mitano, na fedha nyingi huenda kwa mazao machache: mahindi, soya, ngano, pamba, mchele. Nao pia hupima kwa ekari, na matokeo yao ni kama yetu, ila kwa tarakimu zenye sifuri nyingi zaidi: wakubwa wachache hubeba sehemu kubwa, na walio wengi huambulia kidogo. Hilo si la kuiga. Ninalolitamani ni jingine. Shirika moja la kiraia, Environmental Working Group, liliomba takwimu za malipo kwa kutumia sheria ya kupata habari, likaziweka kwenye intaneti. Mtu wa kaunti ndogo ya wakulima kule anafungua, anachagua jimbo, anachagua kaunti yake, anaona jina kwa jina nani amelipwa, na kiasi gani, mwaka baada ya mwaka tangu 1995.

Na walipofungua waliona nini? Waliona miongoni mwa waliolipwa kuna Scottie Pippen, yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chicago. Waliona jina la David Rockefeller, mtu wa benki. Waliona Ted Turner, aliyeanzisha CNN. Hawakuvunja sheria, walikuwa na ardhi, na ardhi ndiyo iliyokuwa ikilipwa. Lakini mkulima wa kawaida, ambaye miaka yote aliambiwa fedha zile ni za kumwokoa yeye, alipoyaona majina yale kwenye gazeti alianza kuuliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza. Ruzuku haikukoma kwa sababu hiyo, na sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Wakubwa wangali wakubwa. Tofauti ni kwamba wanaobishana wanabishana juu ya tarakimu zilizo mezani. Sisi hapa tunabishana juu ya uvumi wa kinyozi.

Karibu na nyumbani kuna Malawi. Walianza mpango wao mkubwa wa kuponi za mbolea mwaka 2005, na baadaye wakaagiza majina ya wanufaika yashughulikiwe kwenye mikutano ya wazi kijijini. Huko nako kulitokea jambo ambalo wataalamu hawakulipenda: vijiji vingine viliamua kugawana, kila nyumba ipate kidogo, badala ya wachache kupata kifurushi kizima. Wataalamu walisema lengo limepotea. Mimi nasema hapana. Watu walijua kilichopo, wakaamua wenyewe, na amani ikabaki. Afadhali nusu mfuko nilioukubali mkutanoni kuliko mfuko mzima ninaosikia umekwenda kwa shemeji ya fulani.

Najua pingamizi. Tangu wiki jana, wazo hili liliposikika, nimesimamishwa njiani na watu wa heshima. Mmoja akaniambia, mwalimu, unataka kutuletea wezi. Wakiona ukutani kwamba nina mifuko 30 kwenye stoo, usiku watakuja. Mwingine akasema hii ni husuda tu imevaa koti la haki. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenipa kazi ya kufikiri, akasema: mimi ni mjane, nina robo ekari, sitaki kijiji kizima kisome kwamba nimesaidiwa.

Hoja ya mjane huyo ina uzito, na hayuko peke yake. Ulaya walilipitia jambo hilo hilo. Umoja wa Ulaya uliagiza majina ya wote wanaopata ruzuku ya kilimo yatangazwe. Wakulima wa jimbo la Hesse, Ujerumani, wakaenda mahakamani wakasema maisha yao ya faragha yameingiliwa. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikawapa haki kwa sehemu kubwa: kuanika kila mtu binafsi, bila kujali amepata kidogo au kingi, kumezidi kipimo. Kumbukeni, mahakama haikusema orodha zote zifungiwe kabatini. Ilisema lazima kuwe na kupambanua. Mwaka 2013 wakatunga utaratibu mpya: majina yatangazwe, lakini anayepata chini ya euro 1,250 kwa mwaka jina lake lifichwe, ibaki kiasi tu. Mdogo analindwa. Mkubwa anaonekana.

Huo ndio mfano ninaoutaka hapa. Aliyechukua hadi mifuko minne, ambayo ni ekari mbili kwa kupandia na kukuzia, aandikwe kwa kijiji na idadi tu, bila jina. Kuanzia mfuko wa tano, jina kamili. Namba za simu na za vitambulisho zisiwepo kabisa, kwa yeyote. Hizo ndizo matapeli hutafuta, na sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 haichezi na mambo hayo. Kuhusu wezi, ndugu yangu, mwizi wa Njoro hahitaji karatasi. Anajua kuku wako wangapi wanataga. Lori likiingia kwako na mifuko 30 saa saba mchana, kijiji kizima kimeshahesabu. Asiyejua ni mkaguzi peke yake.

Na kuhusu husuda: inawezekana. Mimi ni mwanadamu, nina ekari moja na nusu, na nikiona jina lenye mifuko 40 moyo utafanya kitu. Lakini husuda hulishwa zaidi na kisichojulikana. Hivi sasa kuna wanachama hapa wanaotuhumiwa kuwa wamemeza mbolea ya kata nzima, na mimi kama mtu wa kamati ya ukaguzi nimeona vitabu, nikajua walichukua mifuko sita. Orodha ingewasafisha. Wasio na cha kuficha ndio wanaoumizwa na giza hili.

Tuna nguvu gani kisheria? Tunayo ya kutosha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaeleza namna. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ni hiari yako. Hulazimiki kutoa sababu. Kuwasilisha ombi hakulipishwi, ila wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala. Ofisi iliyoombwa ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, nayo ina mamlaka ya kulipitia upya jambo lako. Nimewasikia watu wakisema sheria hiyo ni ya mawakili na waandishi wa habari. Hapana. Iliandikwa ili mtu wa Kuresoi mwenye kalamu na bahasha aweze kuitumia.

Kuna wanaosema tupeleke jambo hili kwa Gavana, maana kilimo kimegatuliwa. Kimegatuliwa, ndiyo, Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kilimo cha mazao. Lakini mbolea hii inanunuliwa na serikali ya kitaifa, inahifadhiwa na NCPB, na usajili uko kwenye mtambo wa Wizara. Ukienda kwa Gavana utaambiwa nenda Nairobi. Ukienda Nairobi utaambiwa kilimo kimegatuliwa. Ndiyo maana ombi letu liende sehemu tatu kwa siku moja: depo, Wizara, na idara ya kilimo ya kaunti. Kila mmoja ataona nakala ya mwenzake.

Na sasa niseme lile ambalo litanifanya nikose mtu wa kula naye chakula cha mchana. Msimu uliopita mbolea ilipoletwa karibu na wakulima, sehemu yake ilipitia vyama vya ushirika, chetu kikiwemo. Ilishushwa kwenye stoo hii iliyo nyuma ya ukuta huu. Kwa hiyo orodha ya kwanza hatuhitaji kuiomba kwa mtu yeyote. Iko ndani. Iko kwenye daftari la stoo, lenye jalada la kijani, ambalo mimi na wenzangu wa kamati ya ukaguzi tumelisoma. Siwezi kumwandikia Katibu Mkuu wa Wizara barua kali nikimtaka afungue vitabu vyake, hali vyetu tumevikalia. Atakayejibu atakuwa na haki ya kunicheka.

(Makofi, na mtu mmoja mbele: "Yasomwe sasa!")

Hayatasomwa sasa, mzee wangu. Kuna wajane wa robo ekari humo, nimeshawaahidi. Tutayapanga kwa utaratibu niliousema, na yatabandikwa kabla mvua haijaanza.

Jambo la mwisho kuhusu kilichomo ndani ya orodha. Naomba iwe na safu ya aina ya mbolea. Upande wa Molo na Kuresoi udongo umekuwa mchachu, na DAP, ile mbolea ya kupandia, msimu baada ya msimu inauongezea uchachu. Mkulima wa huko huenda anahitaji chokaa kuliko mfuko wa pili wa DAP, lakini hupewa kilichoshushwa. Tukiona ukutani kwamba wadi nzima ilichukua aina moja ile ile, na chokaa sifuri, basi afisa wetu wa kilimo atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkubwa wake. Leo ana maneno matupu, naye ni mmoja, anahudumia wakulima wengi kuliko pikipiki yake inavyoweza kuwafikia.

Mwenyekiti, hoja yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza: chama hiki kibandike orodha ya mbolea iliyopitia stoo yake, kwa mpango wa mifuko minne nilioueleza, kabla ya mwisho wa mwezi wa pili. Ya pili: mkutano huu uidhinishe barua ya kuomba orodha ya wadi nzima. Barua ninayo hapa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na nimeacha nafasi ya sahihi upande wa nyuma. Asiyejua kuandika aweke kidole. Katibu ana wino.

Naomba mtu aunge mkono, watu wanyooshe mikono, kisha tuendelee na ajenda ya sita, ile ya madeni ya maziwa, ambayo naona ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa.